Polytopia: wapiganaji wengi au wabeba panga wachache?

Kila nikicheza The Battle of Polytopia, mchezo wa mikakati wa kujenga miji na kupigana kwa zamu, na wenzangu, swali hurudi: ujaze mji wapiganaji wa bei rahisi, au usubiri wabeba panga?

Kwa bei, mpiganaji anashinda waziwazi. Ni nyota 2 (nyota ndizo fedha za mchezo) kwa uhai wa pointi 10. Mbeba upanga ni nyota 5 kwa pointi 15, na kwa makabila mengi, kabla ya kumpata lazima ulipie ujuzi wa kupanda milima, uchimbaji madini, kisha uhunzi. Zamu za mwanzo, wakati vijiji visivyo na mwenyewe bado vipo vya kuteka, sioni sababu ya kukimbilia uhunzi.

Lakini wanaohesabu nyota tu husahau nafasi. Mji hubeba askari sawa na kiwango chake, kisha mmoja zaidi, na kila askari huchukua nafasi moja, awe wa bei yoyote. Chukua mji wa kiwango cha 3: nafasi 4. Wapiganaji wanne ni nyota 8 na uhai 40. Wabeba panga wanne ni nyota 20 na uhai 60. Mji ukishajaa na nyota zimelala tu hazina, mpiganaji dhaifu anamzibia nafasi askari wa maana.

Matunzo hayana mjadala: ukishamnunua askari, hakudai tena.

Vitani namwamini mbeba upanga, shambulizi 3 na ulinzi 3 dhidi ya 2 kwa 2, ingawa bila barabara wote hutembea mraba mmoja kwa zamu. Ukiwa na miji mingi midogo na nyota za kubahatisha, jaza wapiganaji. Ukibanwa kwenye miji mitatu huku nyota zikifurika, fungua uhunzi.