Kituo cha Eksirei cha Mji Mkongwe kwa Jicho la Mkaguzi wa Mionzi

Kituo binafsi cha picha za eksirei ninachokieleza hapa kimo ndani ya nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, na hupokea wagonjwa wanaotumwa na madaktari wa zahanati za jirani kwa picha za kifua na za mifupa. Jina lake nimeliacha, kwa kuwa mwenyewe alinifungulia kila mlango akijua kwamba nitayaandika nitakayoyaona, na sikuona haki kumlipa ukarimu huo kwa kumwanika. Huduma ya kawaida ni nzuri: foleni huenda haraka, bei imebandikwa ukutani, na picha hutoka safi. Nilichokwenda kukipima ni usalama wa mionzi, na kipimo nilichokitumia ni kile nilichofunzwa kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti.

Kinu hicho ni cha aina ya TRIGA Mark II, kipo Vienna, Austria, nacho kilianza kufanya kazi Machi 1962. Nguvu yake ni kilowati 250 na kiini chake, yaani sehemu yenye mafuta ya nyuklia, kimezamishwa chini ya tangi la maji lenye kina cha zaidi ya mita 6. Kwa kuwa kipo mji mmoja na makao makuu ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, wakaguzi wengi wa shirika hilo wamepitia hapo kujifunza kazi. Mtu anayeingia mara ya kwanza huvutwa na ile nuru ya buluu inayong'aa majini, lakini mkaguzi hupelekwa kwanza kwenye daftari: nani aliingia, mtambo uliwashwa saa ngapi, kipimo kipi kilisahihishwa lini, na jaribio jipya liliidhinishwa na nani kabla ya kuanza. Kuta, maji na mitambo huja baadaye, kwani hivyo havibadiliki kila siku kama wanavyobadilika watu.

Si kila kanuni ya kinu inaihusu mashine ya eksirei. Kinu kikizimwa, mafuta yake huendelea kutoa mionzi, na hewa ya juu ya tangi huwa na gesi ya agoni iliyofanywa kutoa mionzi na nyutroni za kinu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya muda usiotimia saa mbili. Anayetoka huko hupimwa viganja na nyayo kabla hajavuka mlango, asije akatoka na uchafu wa mionzi. Mashine ya eksirei ikizimwa, mionzi imekwisha papo hapo. Haibaki ukutani, kitandani wala mwilini mwa mgonjwa, na wazee wanaokataa kulalia kitanda kilichotoka kutumiwa na mtu mwengine kwa khofu ya mabaki wanajisumbua bure. Kwa hiyo sikutafuta uchafuzi. Nilitafuta kinga, beji za kupimia mionzi anayoipata mfanyakazi, kumbukumbu, na mtu mwenye mamlaka ya kusema kazi isimame.

Mlangoni mambo yako sawa. Leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chombo kilichopewa kazi hiyo na Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7 ya mwaka 2003, imetundikwa mahali inaposomeka, haijafichwa nyuma ya kalenda kama nilivyowahi kuona kwengine. Alama ya mionzi ipo pamoja na maneno ya Kiswahili yanayomtaka mwanamke mwenye ujauzito atoe taarifa, na taa nyekundu juu ya mlango huwaka kweli mashine inapofanya kazi.

Jengo lenyewe linastahili maelezo zaidi, kwa sababu wenyeji wengi huamini kwamba nyumba kongwe haifai kwa kazi hii. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo aghalabu hufikia nusu mita kwa unene, huizuia miale ya eksirei za uchunguzi kwa kiasi ambacho ukuta mmoja wa matofali membamba ya siku hizi haukifikii. Udhaifu wa nyumba hizi uko kwenye matundu yake: madirisha mapana, dari ya boriti na chokaa, na milango ya mbao ambayo, hata iwe imenakshiwa vipi, mbele ya miale ni kama pazia. Hapa dirisha limezibwa kwa ukuta, na mlango wa ndani umewekwa bati la madini ya risasi katikati ya mbao. Miale ya picha za kifua huelekezwa kwenye ukuta wa nje usiopitiwa na watu, na ile ya kitandani huelekea sakafuni, chini ya hapo pakiwa ni ardhi tupu. Wapangaji wa ghorofa ya juu hufikiwa na miale iliyotawanyika tu kutoka mwilini mwa mgonjwa, ambayo, mita moja kutoka kwake, huwa takriban sehemu moja ya elfu ya ile iliyompiga, na hupungua zaidi inapopanda na kupita darini.

Kasoro kubwa niliyoikuta haikuwa ya ukuta. Niliomba ripoti ya upimaji wa chumba, nikapewa bila ya kuzungushwa, nayo ilikuwa nzuri, yenye mchoro wa vyumba vyote na maelezo ya nani anakaa wapi. Tatizo ni kwamba mchoro ule haufanani na nyumba ya leo. Chumba kilichoandikwa kuwa ni stoo, kilichopakana na chumba cha mashine, sasa ni ofisi ya karani anayekaa humo tangu asubuhi mpaka alasiri, na benchi la wagonjwa, ambalo kwenye mchoro limo uani, limehamishiwa mbele ya mlango wa eksirei ili watu wakwepe jua. Kwa stoo inayoingiwa mara moja moja, kinga ndogo inatosha. Kwa mtu anayekaa humo kwa muda wa saa nane hesabu ni nyengine, kwa kuwa kiwango cha mwananchi asiye mfanyakazi wa mionzi, ambacho karani huyu anastahiki, ni milisivati 1 (kizio cha dozi, yaani kiasi cha mionzi kinachoupata mwili) kwa mwaka. Sisemi kwamba karani amedhurika, na kwa unene wa ukuta ule naamini hajadhurika. Ninalolisema ni kwamba hakuna aliyeihesabu. Kwenye kinu cha utafiti, kuhamisha hata kifaa kimoja cha majaribio karibu na kiini hupelekwa kwanza mbele ya kamati ya usalama; hapa aliitwa seremala, na meza ikahama.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini sikuchukua kipimo cha mkononi nikasimama penye benchi. Vile vipimo vya Geiger vinavyouzwa kwa bei nafuu, ambavyo watu hupenda kuvitembeza wakisikiliza mlio wake, havifai kwa kazi hii: picha ya kifua huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na kipimo cha namna hiyo ama hakiwahi kujibu, ama huzidiwa na wingi wa miale kikaonyesha kidogo kuliko ukweli. Kinachohitajika ni chemba ya ayoni inayojumlisha dozi yote ya pigo moja, iliyosahihishwa karibuni, mkononi mwa mtu aliyeidhinishwa. Mwenye kituo ameshaandika barua ya kuomba upimaji mpya.

Jambo la pili ni beji. Wafanyakazi wa hapa wanazo zile zenye fuwele za litiamu floraidi, ambazo huhifadhi nishati ya mionzi na kuitoa kama mwanga zinapopashwa moto kwenye mashine ya kusomea; kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa. Kifaa ni kizuri, ila hakijui kimevaliwa na nani wala kimetundikwa wapi. Niliikuta beji moja imeachwa kwenye aproni ya kukinga miale ndani ya chumba cha mashine, ikipokea miale ya siku nzima kwa niaba ya mtu aliyekuwa nyumbani kwake. Kosa hilo hujitangaza, kwa sababu matokeo yatakuja makubwa na maswali yataulizwa. Linalotisha zaidi ni la kimya: beji ya udhibiti, ambayo kazi yake ni kupima mionzi ya asili peke yake ili ikatwe kwenye hesabu ya wengine, ilitundikwa msumari mmoja na beji za wafanyakazi, pembeni mwa kibanda cha kuendeshea mashine. Nayo ikipata miale, wafanyakazi wote hukatwa zaidi ya wanavyostahiki, na karatasi ya matokeo hupendeza kuliko ukweli. Kiwango cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika miaka mitano mfululizo, bila ya kupita 50 katika mwaka wowote mmoja, na nina hakika hapa hawakikaribii. Lakini mkaguzi hawezi kupokea hakika yangu badala ya kumbukumbu. Beji ile ilihamishiwa afisi ya mbele nikiwa bado nimesimama.

Sasa niseme kuhusu mtaalamu wa eksirei mwenyewe, ambaye ndiye mali kubwa ya kituo hiki. Ni mwanamama wa makamo, mwenye sauti ya upole isiyokubali mzaha. Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa alimuuliza faraghani, "Bibie, unaweza kuwa na ujauzito?", na hakuuliza mbele ya mume wala mbele ya mama mkwe, jambo ambalo katika mji wetu ndilo linaloamua kama jibu litakuwa la kweli. Kila picha aliibana miale kwa mwanga wa mashine mpaka ikalingana na sehemu inayotakiwa, akafunga mlango, akarudi kibandani nyuma ya kioo cha madini ya risasi ndipo akabonyeza. Jamaa wa mgonjwa aliyetaka kubaki ndani "kumtia moyo" aliambiwa, kwa adabu, akamtie moyo nje.

Nimewasikia wateja wakilalamika kwamba hawakuvishwa aproni. Lalamiko hilo limepitwa na wakati. Tangu 2019 chama cha wataalamu wa fizikia ya tiba cha Marekani kimeshauri kuacha kumfunika mgonjwa nyonga na tumbo kama desturi, kwa sababu faida yake ni ndogo mno na aproni iliyokaa vibaya huweza kuziba sehemu inayotafutwa, picha ikarudiwa na mgonjwa akapata dozi maradufu. Mzazi anayemshika mtoto ni habari nyengine: yeye lazima avae, na aproni za hapa zina unene wa milimita 0.5 wa madini ya risasi, zimetundikwa kwenye fimbo zake badala ya kukunjwa, kwani mkunjo huzipasua ndani bila ya kuonekana nje.

Daftari la picha zilizorudiwa lipo na limejazwa kwa uaminifu, kila rudio na sababu yake. Ambacho hakiandikwi ni kiasi cha miale kilichotumika kwa kila picha, na hilo nimelisisitiza kwa mwenyewe. Zamani filamu iliyopigwa kwa miale mingi ilitoka nyeusi, kosa likaonekana. Mashine za kidijitali husawazisha picha zenyewe, hata iliyopigwa kwa miale ya ziada hutoka ya kupendeza, na hivyo dozi hupanda kidogo kidogo miaka ikipita bila ya mtu kushtuka. Umuhimu wa daftari haupungui kwa kuwa mtambo ni mdogo. Kinshasa, ambako kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika kiliwashwa mwaka 1959, vijiti viwili vya mafuta ya urani vilitoweka, na kimoja kilikuja kukamatwa na polisi wa Italia mwaka 1998. Kituo cha Mji Mkongwe hakina cha kuibiwa cha namna hiyo, ila namba zisizoandikwa hupotea vilevile.

Kwa mtu mzima anayehitaji picha ya kifua au ya mfupa, nakipendekeza kituo hiki bila ya wasiwasi. Dozi ya picha moja ya kifua, karibu milisivati 0.02, ni ndogo sana ikilinganishwa na wastani wa 2.4 ambao mwanadamu huupata kila mwaka kutokana na ardhi, hewa, chakula na anga. Anayesubiri asikae kwenye benchi la mbele ya mlango mpaka upimaji mpya ufanyike. Viti vya uani vipo na kivuli chake kinatosha mpaka adhuhuri. Anayempeleka mtoto aende asubuhi, anapokuwapo yule mwanamama, kwani kijana anayempokea zamu alasiri bado anajifunza, na sikumwona akibana miale hata mara moja bila ya kukumbushwa.