Virkon S kwenye hospitali ya ndege: poda nzuri, mradi buti lisuguliwe kwanza

Mwaka 2021 mafua ya ndege aina ya H5N1 yaliua minandi kwa maelfu kwenye pwani ya Cape, Afrika Kusini, wanakozaliana pia pengwini wa Afrika, ambao tangu 2024 wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini mno kutoweka. Virusi hivyo hukaa kwenye kinyesi na tope, na hospitalini gari lake ni buti la mtu aliyekuja kusaidia.

Virkon S, poda ya kuua vijidudu inayochanganywa na maji, huua virusi vya mafua hayo na vya kideri (ugonjwa wa Newcastle). Kipimo ni gramu 10 kwa lita 1 ya maji, yaani ndoo ya lita 10 hula gramu 100. Tia maji kwanza, kisha poda, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Vaa glavu, miwani na barakoa, kwa sababu vumbi lake huwasha macho na koo. Kwa vizimba na mabeseni ya chakula, acha dawa ilowe dakika 10, halafu suuza na ukaushe kabla ya kumrudisha ndege.

Kwa zamu za watu wa kujitolea, ninachokisifu zaidi ni rangi yake ya waridi. Mtu wa asubuhi hajui nani alichanganya jana, lakini akikuta maji yamepauka anajua ya kumwaga. Tahadhari: rangi haipimi uchafu. Beseni la mlangoni lenye tope na kinyesi linaweza kubaki la waridi ilhali nguvu ya dawa imekwishaliwa na uchafu huo. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachovya buti na kupita. Ni mabeseni mawili, la kwanza la maji, sabuni na brashi mpaka mifereji ya soli iwe safi, la pili la dawa. La pili libadilishwe kila siku, au mara tu linapochafuka.

Jik, dawa ya klorini ya kufulia, ni nafuu zaidi na inapatikana kila duka. Lakini huchoka upesi ikikutana na uchafu, na mvuke wake huumiza mapafu ya ndege, ambayo ni dhaifu kuliko yetu. Usichanganye Jik na Virkon S kamwe, hutoa gesi ya klorini.

Kasoro zipo. Vyuma laini kama shaba vikilowekwa muda mrefu huliwa, kwa hiyo suuza bawaba na vifaa mara dakika 10 zikiisha. Mayai ya koksidia, vimelea vya utumbo wa ndege, hayafi kwa poda hii. Yanataka mvuke wa moto na kizimba kikavu.

Kopo la kilo 5 hutoa lita 500, ila linataka mizani, na kijiko cha kukisia huharibu kipimo. Penye watu wapya kila wiki, nunua pakiti za gramu 50: pakiti moja, lita 5.