Kambi ya Agosti Hell's Gate: uzoefu wangu kama mzazi wa Mathare

Nawaandikia wazazi wa Mathare, Huruma na Kariobangi, hapa Nairobi, wanaojiuliza kama wawaruhusu watoto kwenda kambi za likizo ya Agosti. Binti yangu wa Gredi ya 6 alikwenda Hell's Gate, Naivasha, na kikundi kinachofadhili watoto wa mitaa yetu. Sisi wazazi tulichangia nauli tu. Mahema, chakula na kiingilio vilikuwa juu yao. Wakipanga tena, nitampeleka.

Mahali walipachagua vizuri. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, twiga na swala. Binti yangu alijifunzia baiskeli huko huko, kwenye njia isiyo na matatu wala bodaboda. Akapanda kwa kamba mwamba wa Fischer's Tower, uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapo mwaka wa 1883. Lakini ukimwuliza habari za mwamba, atakusimulia pimbi wanaoota jua pale chini.

Mimi nilihofia korongo la mle mbugani, lile bonde jembamba lenye kuta za mwamba. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu waliokuwa wakitembea mle, kwa hiyo kabla ya kutia sahihi fomu nilimwuliza kiongozi waziwazi. Akasema hawashuki kabisa, watalitazama kutoka juu. Na ndivyo walivyofanya. Waliketi mbali na ukingo, mwongozaji akawaeleza kwamba mvua inaweza kunyesha mbali milimani, hapo walipo mbingu iwe safi, na maji yawafikie kabla hawajajua kinachokuja. Hawa ni watoto waliouona Mto Mathare ukisomba nyumba za majirani Aprili 2024. Walikuwa na maswali mengi hadi chakula cha jioni kikachelewa. Siku hizi wingu likitanda, binti yangu huuliza kama kumenyesha huko juu unakotoka mto, na huwaonya wadogo zake wasichezee kando ya maji. Kwa hilo pekee nawashukuru sana.

Wasichana walilala mahema yao, mlezi wa kike karibu nao. Chakula kilikuwa cha kawaida, githeri, ugali na sukuma, na watoto walipangiwa zamu za kuosha vyombo.

Mawili yanahitaji kurekebishwa. Orodha ya nguo ilitaja sweta moja, ilhali Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Agosti huko ni baridi kweli. Mtafutieni mtoto jaketi nzito soko la Gikomba, na soksi za kulalia. Pili, simu haziruhusiwi, jambo ninaloliunga mkono, lakini usiku wa kwanza hatukupata hata ujumbe mfupi kwamba wamefika salama. Mzazi asiachwe hivyo. Ombeni namba ya kiongozi aliye kambini, siyo ya ofisi.

Kama mwanao ana pumu, andika kwenye fomu na umwambie mlezi ana kwa ana siku ya safari. Barabara za mbuga zina vumbi jingi kiangazi, na dawa yake ya kuvuta isiwekwe kwenye begi linalobaki hemani.