Niliuziwa "skana" mjini Arusha, ndege sisikii hata moja

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Kama unatafuta skana ya mkono ya bei nafuu hapa Arusha, yaani redio ya kusikiliza tu, ya kuwasikia marubani wa ndege kwa kujifurahisha, soma hii kabla hujaingia duka lolote la vifaa vya elektroniki kule Stendi Ndogo na mitaa yake. Jina la duka silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Nilichokuwa nakitaka si kikubwa. Naishi Njiro. Asubuhi nazisikia ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Kisongo kupeleka watalii Serengeti, usiku naziona taa za ndege kubwa zinazoshuka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, na kwa miaka mingi nimetamani kusikia marubani wanaongea nini huko juu. Wengine wanapenda mpira, wengine kwaya. Mimi napenda hiki. Mambo ya polisi sina haja nayo, wala ya jirani. Ndege duniani kote zinaongea kwa AM, ambayo sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi, si na masafa kama FM, kati ya megahezi 118 na 137, na kifaa cha kupokea masafa hayo hakihitaji kuwa cha mamilioni.

Nilimwambia yule kijana wa dukani maneno hayo hayo: "Mwanangu, nataka skana inayopokea AM, 118 mpaka 137, ya kusikilizia ndege." Sikumung'unya. Akatoa kiredio cheusi chenye antena fupi ya mpira, akabonyeza 118 kwenye vitufe vyake, namba ikatokea kwenye kioo. "Si unaona mama? Hii inanasa kila kitu, mpaka ndege." Nikamuuliza, AM je? Akasema AM ni mambo ya zamani, redio za mabibi, siku hizi kila kitu ni FM. Nikamuuliza tena. Akaapa. Nikalipa laki na nusu baada ya kuvutana, nikapewa risiti ya mkono kwa sababu mashine ya EFD eti haina mtandao.

Sasa hilo la AM kuwa ya mabibi ndilo linaloniuma kuliko hata pesa, kwa sababu nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu. Ndege hazikubaki kwenye AM kwa ushamba. Kwenye FM, wawili wakizungumza kwa pamoja kwenye masafa mamoja, mwenye nguvu anammeza mnyonge kabisa, humsikii, wala hujui kama yupo. Kwenye AM wakigongana unasikia mluzi na sauti zinazokorogana, kwa hiyo mwongoza ndege anajua kuna mtu mwingine anaita na anaweza kuwaambia warudie. Fikiria rubani mwenye shida injini anamezwa na mwenzake anayeuliza habari za upepo. Ndiyo maana hawajahama. Kijana anayeuza vifaa vya redio kutwa nzima asijue hili, sawa, si lazima ajue. Lakini asimfundishe mteja uongo.

Jumapili moja nikapanda daladala mpaka Kisongo, nikasimama kando ya barabara ya Dodoma, upande ambao uzio wa uwanja unauona vizuri. Masafa ya pale nilikuwa nimeyatafuta mapema. Nikaiacha redio itoe kelele yake muda wote ili nisikose hata neno. Chwaaa. Caravan moja, ndege ndogo ya watalii, ikatoka maegeshoni, ikajivuta mpaka mwisho wa njia, ikasimama. Na hapo ndipo kelele ikakatika ghafla. Kimya kabisa, kama mtu amefunga bomba. Baada ya muda mfupi ikarudi, chwaaa. Ikakatika tena, ikarudi. Kisha ndege ikakimbia, ikaruka juu ya kichwa changu.

Nilielewa palepale. Rubani alikuwa anaongea. Wimbi lake lilikuwa linafika kwenye redio yangu, tena kwa nguvu, ndiyo maana mkwaruzo ulikuwa unanyamaza. Lakini maneno ya AM yamo kwenye kupanda na kushuka kwa ukubwa wa wimbi, na kifaa cha FM hicho ndicho kinachokitupa. Kinasubiri masafa yacheze, na masafa yalikuwa yametulia. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, ndege baada ya ndege, nikisikiliza vimya vya watu wanaozungumza. Mlio mmoja tu ulitoka wenye umbo la sauti, umepondekapondeka hivi kwamba hata lugha huijui. Kwa hiyo lile la kubonyeza 118 na namba kutokea ni kiini macho. Namba kukubali si sawa na sikio kusikia.

Nikarudi dukani. Na hapa jamani naomba nieleze taratibu.

Kijana yuleyule, hata shikamoo hakuna. Nikamweleza kwa upole kwamba kifaa hakipokei AM, nikamwonyesha, nikaomba anibadilishie au anirudishie pesa. Hakukigusa. Akawa anachezea simu yake. Akasema, "Mama, labda hukuwasha vizuri." Nikasema nimewasha vizuri. Akasema, "Basi mwite mzee aje, nitamwelekeza yeye."

Mwite mzee aje.

Watu walikuwepo dukani, wanaume wawili wakacheka. Mimi mtu mzima, nimefundisha watoto wa mji huu mawimbi na mwendo wake, huenda hata wajomba zake, naambiwa nikamlete mwanaume aje kuelekezwa kitu ambacho anayeelekeza mwenyewe hakijui. Na hata kama nisingejua chochote, hata kama ningekuwa sijui redio inawashwa wapi, nilikuwa nimelipa pesa halali. Nikaomba kuongea na mwenye duka. Akapigiwa simu, akasema kwenye spika wote tunasikia: bidhaa ikishauzwa hairudi, imeandikwa kwenye risiti. Ni kweli imeandikwa. Imeandikwa chini kabisa, kwenye risiti ambayo nilipewa nikiwa nimeshalipa.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa hii: usinunue kile kiredio, kwa yeyote, kwa bei yoyote. Takataka.

Lakini haki ni haki, na kifaa hakijanikosea adabu. Kilichouzwa kama skana ni redio ya upepo, kama zile wanazobeba walinzi na waongozaji wa mlimani, na kwa kazi hiyo kimetengenezwa vizuri tu. Betri inakaa siku nyingi. Sauti ni kubwa. Mpwa wangu anayependa mambo ya anga akaniambia, shangazi, usikitupe, kiweke 145.800 kituo cha anga za juu, kile wanachokaa wanaanga, kikipita, kuna majira wanatuma picha kwa redio. Na pale wanatumia FM. Nikatoka uani jioni, antena nimeilaza pembeni, mara ya kwanza hakuna kitu. Jioni nyingine ukaja mlio wa kukwaruza unaopanda na kushuka kwa mpigo, nikaisogeza simu yenye programu ya kuusoma karibu na spika, na picha ikaanza kujichora kwenye kioo, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Ilikuwa imepinda, nusu yake theluji tupu. Lakini ilikuwa picha, kutoka kwenye chombo kinachokata anga zaidi ya kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, imeingia kwenye kiredio cha laki na nusu uani kwangu Njiro. Nililia machozi, siwafichi. Nikasema basi, nakisamehe, nakipa alama saba kati ya kumi.

Halafu asubuhi ndege ikapita kwenda Serengeti, nikakumbuka nilinunua kwa ajili gani, hasira ikarudi yote. Kingekuwa kimeuzwa kama kilivyo, ningekisifu. Kiliuzwa kwa uongo, na pesa niliyoiweka kwa ajili ya skana ndiyo iliyokwenda. Sifuri.

Kwa nini nina uhakika kwamba tatizo si masikio yangu wala mlima Meru? Kwa sababu rafiki yangu wa Moshi ameniazima skana yake ya kweli, Uniden BC125AT, aliyoletewa na ndugu ikiwa imeshatumika. Si mpya, kifuniko cha betri kimefungwa kwa gundi ya karatasi, inakula betri mbili za kawaida za saa. Nikiwa nyumbani kwangu, ndani, nawasikia marubani. Wakiwa juu sana unawasikia hata walio zaidi ya kilomita 300, kwa sababu mawimbi haya yanakwenda kwa mstari ulionyooka na aliye juu anaonekana kutoka mbali. Mnara wa KIA uko chini, vilima viko katikati, kwa hiyo mara nyingi nasikia rubani anajibu bila kusikia alichoulizwa, na nimeshazoea kubuni swali kutokana na jibu. Ndege zinazokwenda viwanja vya porini visivyo na mnara, marubani wanatangaziana wenyewe: niko hapa, nashuka, nimetoka. Ni watulivu mno. Nawapenda.

Kama bado unataka kununua, mwambie muuzaji aweke 121.5, ambayo ni ya dharura ya ndege dunia nzima, kisha mtazame kioo pamoja. Herufi AM zisipokuwepo, na kusiwe na kitufe cha kuzibadilisha kutoka FM, aga uondoke. Angalia pia ubavuni: ukiona kitufe kikubwa cha kubonyeza ili uongee, hiyo ni redio ya upepo, inarusha mawimbi, na kurusha kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Skana haina kitufe hicho, yenyewe inasikiliza tu. Zipo redio za upepo za siku hizi ambazo kweli zinapokea AM ya ndege, sikatai, tena bei yake si mbaya, lakini ionyeshwe kwanza mbele ya macho yako, kabla pesa haijatoka mfukoni. Na usidanganywe na anayekuambia itanasa hata mawasiliano ya kidijitali yaliyofungwa kwa siri. Haitanasa, ya bei rahisi wala ya bei ghali.

Nilitaka kukiuza kile kiredio. Mlinzi wa jirani amenitajia elfu sabini, nikamwambia wazi kwamba ndege hakisikii, akasema yeye ndege hazimhusu. Sijamjibu. Mpwa wangu anasema watatuma picha nyingine, na sitaki zinipite. Nadhani nitabaki nacho. Ila kwenye lile duka hata betri sinunui tena, wala mwanafunzi wangu yeyote, maana wote nimeshawaambia.