Uzoefu wangu: redio ya bongo fleva iliyobadilisha fomati (mtindo wa vipindi) mara mbili

Nyota 3 kati ya 5. Jina la kituo naliacha, maana ninayoyasema yanavihusu vituo vingi vya muziki vya Dar es Salaam.

Kilianza na muziki mtupu: bongo fleva mchana kutwa, zilipendwa usiku. Redio ya EFM ilipoingia hewani 2014 na kuibeba singeli, ule muziki wa kasi wa mitaani, kituo hiki nacho kikafuata, singeli ikapewa jioni nzima. Sasa kimegeukia maneno. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 ni magazeti, mabishano ya Simba na Yanga na simu za wasikilizaji. Nyimbo hazizidi 4 kwa saa. Sishangai. Mdhamini hulipia kipindi chenye mtangazaji anayelitaja jina lake, na wimbo mpya kila mtu anao kwenye simu. Anayetaka muziki afungulie saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, au baada ya saa 3 usiku. Jumamosi usiku ndiyo bora kuliko zote: dijei anachanganya mwenyewe, na matangazo ya biashara ni machache.

Kinachokera ni marudio, na kosa lenyewe ni la hesabu. Nimeandika kila wimbo uliopigwa kwa siku tatu mfululizo. Nyimbo kali zinazopigwa kwa zamu ni 9, na kila saa zina nafasi 3, kwa hiyo kila wimbo unarudi baada ya saa 3. Saa 24 zinagawanyika kwa 3 bila kubaki kitu, basi wimbo uliousikia kwenye daladala saa 4:20 leo utausikia kesho saa 4:20, na keshokutwa tena. Abiria anaapa kwamba redio ina wimbo mmoja tu! Dawa ni rahisi: orodha ikiwa na nyimbo 10, nafasi za siku ni 72, haziishii sawasawa, na kila siku wimbo unahamia saa nyingine. Kupunguza hadi 8 hakusaidii, maana 72 inagawanyika kwa 8 pia.

Sauti nayo imebadilika pamoja na fomati. Mashine ya kubana sauti imekazwa ili maneno yasikike vizuri hata kwenye kelele za barabarani. Kwa mtangazaji inafaa, kwa singeli ni balaa: kila ngoma ikipigwa, sauti ya mwimbaji inazama, kisha inapanda tena, kama mtu anayehema. Kwenye spika ya simu huenda usilitambue hilo. Weka kwenye sabufa uone. Kupunguza besi kwenye redio yako hakuondoi kasoro, kwa sababu imeshatoka hivyo studio.

Kuhusu kushika mawimbi: vituo vya Dar vimebanana sana kati ya 88 na 89, na redio za bei rahisi huchanganya majirani. Kabla ya kulaumu kituo, vuta antena hadi kama sentimita 85, ambayo ni robo ya wimbi kwa masafa hayo, kisha izungushe polepole. Kwa redio ya kwenye simu, waya wa spika za masikioni ndiyo antena. Ukiukunjakunja mfukoni, kelele zinaanza.

Matangazo ya kituo yanayorushwa mtandaoni ni safi zaidi, ila hesabu bando: kwa kilobiti 64 kwa sekunde unatumia takriban MB 29 kwa saa, kwa 128 ni mara mbili yake. Pia yanachelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi nyuma ya FM. Ndiyo maana kwenye mashindano ya kupiga simu wa mtandaoni hufika swali limeshajibiwa. Kwa zawadi tumia FM, na ukishaunganishwa zima redio iliyo karibu nawe, la sivyo mtangazaji atatumia sekunde zako zote kukuambia, "Punguza sauti ya redio yako."