Filamu za vita vya Ugiriki ya kale: ipi ununue kwanza, na toleo lipi

Ukitaka kuipima filamu ya vita vya Wagiriki wa kale, tazama ngao. Askari wa miguu wa Ugiriki alishika ngao kubwa ya mviringo kwa mkono wa kushoto. Nusu yake ilimkinga mwenyewe, na nusu ilimkinga mwenzake aliyesimama kushoto kwake. Akikimbia, mwenzake anabaki wazi. Vita nzima ilitegemea safu hiyo isivunjike, na ndicho kipimo changu ninapopanga filamu hizi. Inayonionyesha safu inapanda juu. Inayonionyesha stelingi mmoja akifyeka watu mia inashuka, hata kama ni nzuri kwa mengine.

1. The 300 Spartans (1962)

Anza na hii. Iliongozwa na Rudolph Maté, Richard Egan akaigiza kama Leonidas, mfalme wa Sparta. Ralph Richardson ndiye Themistokles wa Athene, na akizungumza barazani unasahau kwamba ulikuwa unasubiri mapigano. Ilipigwa picha Ugiriki kwenyewe, karibu na kijiji cha Perachora, kwa sababu Thermopylae, mahali Wasparta walipopigana na Waajemi, leo haina tena ule upenyo mwembamba kati ya mlima na maji: udongo wa karne nyingi umeisukuma bahari mbali. Waliovaa kofia za shaba na kubeba mikuki walikuwa askari wa jeshi la Ugiriki, na jambo hilo linaonekana. Watu waliopigishwa kwata wanajua kugeuka kwa pamoja. Subiri pale wapanda farasi wa Uajemi wanapokuja mbio: Wasparta wa mbele wanalala chini, farasi wanawaruka, kisha wanainuka na kuwafungia katikati. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi na bado linanisisimua, maana kila farasi na kila mtu unayemwona alikuwepo pale uwanjani.

Naipenda pia kwa sababu inawakumbuka Wathespia. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, ameandika kwamba watu 700 wa mji mdogo wa Thespiae walikataa kuondoka siku ya mwisho, mwaka 480 KK, wakafa pamoja na wale Wasparta 300. Katika hadithi nyingi za Thermopylae wamefutwa, na nadhani huo ni uonevu kwa watu waliotoa kila kitu.

Mapenzi ya kijana Phylon na Ellas yanaipunguzia kasi. Yavumilie, kwa sababu mwisho wake, mishale inapowanyeshea waliokataa kuuacha mwili wa mfalme wao, ni wa kukumbukwa.

Unaponunua, hakikisha ni nakala ya picha pana. Filamu hii ilipigwa kwa CinemaScope, ambayo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Zipo nakala zilizokatwa pembeni ili zijaze kioo cha televisheni za zamani, na humo karibu nusu ya safu ya ngao haionekani kabisa. Bei yake ikiwa ndogo namna gani, iache.

2. Alexander (2004), lakini angalia toleo

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Filamu hii ya Oliver Stone ina matoleo manne: la sinema la 2004, la mwongozaji la 2005, lile refu la 2007 linaloitwa Revisited, na Ultimate Cut la 2014. La 2005 ndilo fupi kuliko yote. Wewe tafuta la 2007 au la 2014, ambayo kila moja linazidi saa tatu. Ndani yake hadithi inaruka kati ya utoto wa Aleksanda na vita vyake, na mambo yaliyokuwa yamechanganyikana katika toleo la sinema yanaeleweka.

Sababu ya kuinunua ni Gaugamela, vita vya mwaka 331 KK dhidi ya Dario wa Tatu, mfalme wa Uajemi. Tukio hilo lilipigwa picha jangwani Morocco. Maandishi kwenye kioo yanakuambia kama uko ubavu wa kushoto wa Wamakedonia, katikati au kulia, na tai anapopaa unauona uwanja wote kutoka juu. Humo utaona pia sarissa, mkuki wa Wamakedonia wenye urefu wa mita tano au zaidi, ukishikwa kwa mikono miwili. Robin Lane Fox, mwanahistoria wa Oxford aliyekuwa mshauri wa filamu, alipanda farasi akaingia mwenyewe katika shambulio la Aleksanda. Mtu aliyeandika maisha ya Aleksanda hawezi kupata malipo makubwa kuliko hayo.

Vita vya tembo kule India usivichukue kama historia moja kwa moja. Jeraha kubwa la mshale unaloliona humo, Aleksanda alilipata baadaye, akishambulia mji wa Wamalli, watu wa huko huko India.

3. Alexander the Great (1956)

Ya Robert Rossen, iliyopigwa Hispania, Richard Burton akiwa Aleksanda na Fredric March akiwa baba yake, Filipo. Mapigano ni machache na yanapita haraka. Inunue kwa ajili ya baba na mwana: wivu wao, fahari yao, na jinsi ushindi wa Chaeronea wa 338 KK unavyowatenganisha badala ya kuwaunganisha.

4. Troy (2004)

Hii ni hadithi ya Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, na miungu imeondolewa. Eric Bana kama Hektor ndiye anayeibeba, na Peter O'Toole, aliye baba yake Hektor, akienda usiku kuomba mwili wa mwanawe anakutoa machozi. Chukua toleo la mwongozaji la 2007.

5. The Giant of Marathon (1959)

Steve Reeves, mtunisha misuli, ndiye mkimbiaji Philippides. Ina rangi za kupendeza na mapigano ya chini ya maji, lakini safu ya ngao haipewi nafasi yake. Nakala nyingi za bei rahisi zimefifia, kwa hiyo omba kuiona kidogo kabla hujalipa.

Utaniuliza 300 ya Zack Snyder iko wapi. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, sauti ya mtafsiri ikipanda juu ya kelele za mikuki, na nilitoka nikiwa nimefurahi sana. Ni katuni ya Frank Miller iliyohuishwa, na Miller mwenyewe alivutwa na ile ya 1962 alipokuwa mtoto. Ukishaipata namba moja, inunue na hii uzitazame kwa kufuatana.

La mwisho ni namba ya eneo, inayoamua deki ipi itaicheza diski yako. DVD za Marekani ni eneo la 1, za Uingereza ni la 2, na sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tuko la 5. Kwa hiyo DVD uliyoletewa na ndugu kutoka London huenda ikakataa kwenye deki yako. Kwa Blu-ray mambo ni tofauti: Uingereza na Afrika ni eneo B, Marekani ni A. Kama ndugu yuko Uingereza, mwagize Blu-ray. Kama yuko Marekani, mwombe asome nyuma ya kasha kwanza.