Daftari la Maslahi la Bunge la Uingereza: Linasema Nani Alitoa, Halisemi Alitaka Nini

Huduma ninayoipitia hapa ni ya bure, haihitaji kujisajili wala nywila, na naamini ni wachache kati ya Waswahili tunaoishi Uingereza waliowahi kuifungua. Ni Daftari la Maslahi ya Kifedha ya Wabunge, linalopatikana kwenye tovuti ya Bunge, ambamo kila mbunge wa Commons, yaani baraza la wabunge wanaochaguliwa na wananchi, analazimika kuandika fedha, zawadi, safari na takrima anazopewa na watu wa nje. Linatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi hapa kihalali ana haki, kama raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Mtu anayeomba kura yetu anakula kwa nani, hilo ni jambo letu kabisa.

Daftari hili lilianzishwa kwa azimio la Bunge mwaka 1974, na halikuzaliwa kwa hiari. Msanifu majengo John Poulson alikuwa amejipatia kandarasi za umma kwa kuwalipa na kuwakirimu wenye madaraka, na kufilisika kwake kulipoanza kufichua majina, Waziri wa Mambo ya Ndani, Reginald Maudling, alijiuzulu mwaka 1972. Hata hivyo wapo waliolipinga. Enoch Powell alikataa katakata kuandika chochote. Miaka 20 baadaye, mwaka 1994, ikabainika kwamba wabunge walikuwa wakilipwa ili waulize maswali Bungeni kwa faida ya Mohamed Al-Fayed, mmiliki wa duka la Harrods, na kwamba mmoja wao, Neil Hamilton, alikuwa amekaa bure katika hoteli ya Al-Fayed ya Ritz mjini Paris bila kuiandika takrima hiyo. Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa Kamati ya Nolan ya kuchunguza maadili ya viongozi wa umma, kanuni saba za maisha ya utumishi wa umma zilizotolewa mwaka 1995, na kiti cha Kamishna wa Maadili wa Bunge anayelisimamia daftari mpaka leo.

Kwa upande wa matumizi, huduma imeboreka sana. Zamani daftari lilikuwa waraka mrefu uliochosha macho. Sasa unaandika jina la mbunge na maslahi yake yanatokea yakiwa yamegawanywa katika makundi: ajira na mapato, michango, zawadi na takrima kutoka ndani ya nchi, safari za nje, zawadi kutoka nje, ardhi na majengo, hisa, na hata ndugu wa familia walioajiriwa na mbunge au wanaofanya kazi ya ushawishi, yaani kuwashawishi wanasiasa kwa niaba ya wengine. Mbunge ana siku 28 za kuandika alichopokea, na daftari linachapishwa upya takriban kila baada ya wiki mbili Bunge linapoketi. Nililopenda zaidi ni kwamba mtoaji akiwa kampuni, namba yake ya usajili huwekwa pale pale. Ukiichukua namba hiyo na kuitafuta kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa makampuni wa Uingereza, ambayo nayo ni ya bure, unawaona wakurugenzi na hesabu za kampuni. Kwa raia asiye mwandishi wa habari wala mwanasheria, uwezo huo ni mkubwa, na sioni sababu ya kuwanyima sifa waliouweka.

Sasa tuangalie linavyofanya kazi jambo linapokuwa kubwa. Mwaka 2024 Waingereza walisoma katika daftari hili kwamba Keir Starmer, tangu Desemba 2019, alikuwa amepokea zawadi na takrima za zaidi ya pauni 100,000, nyingi zikiwa tiketi za mpira. Zilikuwemo nguo za kazi za pauni 16,200 na miwani ya pauni 2,485 kutoka kwa Lord Alli, tajiri na mfadhili wa chama cha Labour. Zilikuwemo pia tiketi za tamasha la Taylor Swift za pauni 4,000 kutoka Premier League, yaani wenye ligi kuu ya Uingereza. Baada ya kuwa Waziri Mkuu alipokea tiketi nyingine za tamasha hilo hilo, nne kutoka kampuni ya Universal Music na mbili kutoka chama cha soka cha FA. Oktoba 2024, malalamiko yalipozidi, alirudisha zaidi ya pauni 6,000 kufidia sehemu ya alivyopokea tangu aingie madarakani.

Hapa ndipo nilipoona nguvu ya huduma hii na udhaifu wake kwa pamoja. Nguvu ni kwamba hakuna aliyehitaji kuiba nyaraka. Sehemu kubwa ya habari ilikuwa wazi, imeandikwa na mpokeaji mwenyewe. Udhaifu ni kwamba maneno ya mpokeaji mwenyewe ndiyo tunayoyasoma. Pauni 16,000 nyingine kutoka kwa Lord Alli zilikuwa zimeandikwa kama msaada kwa ofisi binafsi ya kiongozi wa upinzani, cheo alichokuwa nacho Starmer wakati huo, na ni baadaye tu ilipofahamika kwamba nazo zilinunua nguo. Msomaji aliyelifungua daftari kabla ya hapo angeamini kwamba fedha zile zililipa makarani na karatasi. Daftari linaloandikwa na anayechunguzwa linahitaji mtu wa kuuliza, “nguo ni kazi ya ofisi?” kabla halijachapishwa, na mtu huyo hayupo.

Udhaifu wa pili ni kiwango. Takrima au zawadi inatakiwa kuandikwa ikiwa thamani yake inazidi pauni 300, au zikiwa nyingi kutoka chanzo kimoja na jumla yake kwa mwaka ikavuka kiasi hicho. Aprili 2023, waandishi wa gazeti la The Times waliojifanya wawekezaji wa biashara ya kamari walimrekodi mbunge wa Blackpool South, Scott Benton, akijitolea kuwasaidia kwa malipo. Katika mazungumzo hayo alieleza kwamba wangeshangaa ni mara ngapi amekwenda kwenye mbio za farasi na tiketi ikawa ya pauni 295. Kampuni inajua mstari ulipo, inaweka bei chini yake kwa pauni tano, na daftari linabaki jeupe. Benton alisimamishwa kwa siku 35, akajiuzulu Machi 2024, na chama chake kikapoteza jimbo. Lakini mstari wa pauni 300 umebaki pale pale, na kwangu hili ni kosa kubwa kuliko mengine yote katika huduma hii. Kwa mfanyakazi wa usafi au mlezi wa wazee anayelipwa kima cha chini, pauni 295 ni kazi ya siku kadhaa. Sielewi kwa nini mbunge aipokee kutoka kampuni ya kamari na isihesabiwe kuwa ni kitu.

Kuhusu mawaziri nitasema kwa kifupi. Kwa muda mrefu waziri aliyekirimiwa kwa wadhifa wake wa uwaziri aliweza kutoandika katika daftari la Bunge. Wizara yake ilitoa orodha kila baada ya miezi mitatu, bila thamani. Mbunge wa kawaida akawa anabanwa kuliko mtu mwenye saini ya serikali. Novemba 2024 utaratibu ulibadilishwa, na sasa ipo orodha ya kila mwezi yenye thamani. Ni hatua nzuri, ila iko kwenye tovuti ya serikali na si ya Bunge, hivyo ukitaka picha kamili ya waziri mmoja lazima ufungue sehemu mbili.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lile ambalo daftari halikuundwa kulijibu: mtoaji alitaka nini. Rudi kwenye tiketi za mpira. Katika miaka ile ile ambayo Premier League na klabu zake walikuwa wakiwakirimu wanasiasa, Bunge lilikuwa na muswada wa kuunda msimamizi huru wa soka, na wenye ligi hawakuupenda. Haki inanitaka niseme kwamba muswada huo ulipita na kuwa sheria Julai 2025 chini ya serikali ya Starmer mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeweza kusimama na kusema tiketi zilinunua kura. Pia Starmer alikuwa na maelezo kuhusu kukaa jukwaa la wageni maalumu katika mechi za Arsenal: akikaa na mashabiki wengine, ulinzi wake ungeigharimu serikali zaidi. Maelezo hayo yana akili ndani yake. Lakini mashabiki waliochangia muswada huo kwa barua na mikutano hawakuketi saa mbili kando ya Waziri Mkuu kwa chakula na vinywaji, na wenye ligi waliweza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kampuni haina mkono wa kutoa bila hesabu. Fedha za takrima zimo katika bajeti yake pamoja na fedha za matangazo.

Ungedhani pengo hilo linazibwa na rejista ya washawishi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2014. Haizibi. Rejista hiyo inawabana washawishi wa kukodiwa tu. Mwajiriwa wa kampuni yenyewe, anayekutana na waziri kwa niaba ya mwajiri wake, hayumo. Kwa hiyo raia anabaki na orodha ya zawadi upande mmoja, orodha ya miswada upande mwingine, na kazi ya kuziunganisha ameachiwa yeye usiku baada ya kutoka kazini. Juni 2024 utafiti wa taasisi ya NatCen ulionyesha kwamba asilimia 45 ya watu walisema karibu kamwe hawaiamini serikali kutanguliza maslahi ya nchi mbele ya chama, kiwango cha juu kuliko wakati wowote katika mfululizo wa utafiti huo. Utafiti ulitoka kabla ya habari za nguo na miwani, kwa hiyo sitazilaumu zawadi hizo kwa takwimu hiyo. Nasema tu kwamba watu waliofika hapo hawarudishwi na orodha iliyojazwa vizuri. Wanachotaka kusikia ni kwamba kiongozi alipewa tiketi akasema hapana.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna kipimo chetu cha kuliangalia jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumwomba kiongozi aandike hisa zake. Lilimkataza kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi na kupokea mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa na chama tawala, CCM, katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991, na kilichofuata, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, kinawataka viongozi watamke mali na madeni yao kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa mwaka, lakini matamko hayo hayachapishwi yasomwe na kila mtu. Ndiyo maana fedha za sakata la akaunti ya Tegeta Escrow nchini Tanzania mwaka 2014, zikiwemo shilingi bilioni 1.6 alizopokea Profesa Anna Tibaijuka, ambazo alieleza kuwa ni mchango kwa shule na ambazo zilimgharimu uwaziri, tulizijua kupitia ukaguzi na Kamati ya Hesabu za Serikali, wala si kwa kufungua fomu. Upande wa takrima tuna jambo la kujivunia: mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilivifuta vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoiruhusu, ikiona vinambagua mgombea asiye na mali na kufungua njia ya rushwa. Kenya nayo, katika ibara ya 76 ya Katiba ya 2010, imesema kwamba zawadi anayopewa ofisa wa dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni mali ya Jamhuri. Uingereza imetushinda kwa uwazi wa orodha. Kwa kukataza, maandishi yetu ni makali kuliko yake, ingawa utekelezaji umekuwa dhaifu mno.

Kwa hiyo naipendekeza huduma hii kwa kila mpiga kura wa Kiswahili aliyeko Uingereza, kwa sharti moja: usiishie kwenye jumla ya pauni. Fungua jina la mbunge wako, anza na kundi la zawadi na takrima, kisha safari za nje, uone nani alilipa hoteli. Chukua namba ya kampuni uitafute Companies House. Kama mpangilio wa tovuti ya Bunge unakuchosha, tovuti ya TheyWorkForYou, inayoendeshwa na shirika la mySociety, inaweka maslahi ya mbunge karibu na kura alizopiga, na ulinganisho ni rahisi zaidi. Kisha mwandikie, au nenda siku anayopokea wananchi jimboni, na umuulize kwa heshima mambo mawili ambayo daftari halina nafasi ya kuyaandika: katika mwaliko ule mlizungumza nini, na kwa nini hukununua tiketi yako mwenyewe.